Nirudishwe Tabora kwa Kontena

Tathmini ya kwanza niliyoandikiwa na wanafunzi wangu ilisema nina mdomo mchafu kuliko sakafu ya gereji. Ya pili ilikuwa na maneno matatu tu: "Huyu mzee aende." Ya tatu haikuwa na neno, ilichorwa punda aliyevaa helmeti, na lazima niseme kweli, punda yule alichorwa vizuri. Naanza na hayo, ninyi wasaidizi vijana mliobaki yadi ya Ras Al Khor, kwa sababu nasikia mmoja wenu alisomewa karatasi zake juzi akaenda kulia chooni. Afute machozi, asome hapa. Sitasimulia nilivyopandishwa cheo, maana sikupandishwa, na mshahara wangu si habari yenu.

Mimi ni Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipoona shamba la tumbaku lina kazi nyingi kuliko daftari langu. Kusoma nasoma, kuandika mnaona wenyewe. Vingine vyote nilijifunza kwa macho na kwa kupigiwa kelele. Dubai nilikuja mtu mzima, nikaanzia Jebel Ali kwenye ghala la matairi, kupakua makontena kwa mikono. Wanyamwezi tumebeba mizigo ya watu tangu enzi za misafara, toka bara mpaka pwani, kwa hiyo kubeba sikukuona ajabu. Ajabu niliiona siku nilipomkuta Gul Khan, Mpathani, mtu wa milima ya Asia, ndevu zimepakwa hina, amekaa kwenye foklifti kama sultani, anainua kwa vidole mzigo ambao ungetutoa jasho sote mpaka adhuhuri. Nikamwambia, nifundishe hiyo.

Gul Khan hakuwa na lugha ya kuongea nami zaidi ya Kiarabu cha ghalani: yalla, twende; shwaya shwaya, polepole; khalas, imekwisha. Basi alifundisha kwa chai. Anaweka kikombe cha karak kilichojaa juu ya paleti, ananionyesha rafu ya juu. Nipandishe, nishushe, chai isimwagike. Ninyi mnajua foklifti si gari. Usukani unageuza magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikata kona huku unaangalia uma zako mbele, makalio ya mashine yanazunguka yenyewe na kumbana mtu ukutani. Gul Khan alinishika kichwa kwa mikono miwili akanigeuza shingo nyuma, kama fundi anayefunga bomba. Kunisifu hakunisifu hata siku moja. Siku nilipoipandisha chai na kuishusha bila tone kumwagika, aliichukua, akainywa, akaenda kuswali. Nikajua nimefaulu.

Niliendesha hivyo miaka mingi, hadi kampuni moja ilipofungua yadi ya mafunzo Ras Al Khor, katikati ya maduka ya vipuri. Wakati ule watu wetu walikuwa wanamiminika: Wakenya waliochoka kusimama milangoni kama walinzi, Watanzania, Waganda, kila mmoja anataka leseni ya foklifti. Mkufunzi mkuu alikuwa anafundisha darasani kwa Kiingereza na kwa picha za ukutani. Akatakiwa mtu wa kusimama nao juani, mashine inapowaka, awaambie kwa Kiswahili nini kitawaua. Madam Lourdes, Mfilipino, meneja wa mafunzo, akanichukua niwe msaidizi wa mkufunzi. Viza yangu ya ghalani ikafutwa, nikaandikiwa mpya yenye kipindi cha majaribio.

"Ukishindwa, Mr. Maganga," aliniambia, "mimi sina ghala la kukurudisha. Nina tiketi ya kwenu."

Nilipiga simu Tabora siku hiyo hiyo. Kabla jua halijazama dada yangu mkubwa alishautangazia mtaa mzima kwamba Maganga sasa ni mwalimu, Dubai. Wadogo zangu, wale walioendelea na shule mimi nikiwa kwenye tumbaku, mmoja wao karani mwenye tai, wakalazimika kuniita Mwalimu. Sasa mnaelewa nilichokuwa naogopa. Ndege sikuiogopa. Niliogopa kushuka kwenye hiyo ndege nikaitwa Maganga mtupu.

Katika kundi langu la kwanza alikuwemo Shomari, Mzaramo wa Kisarawe, mrefu, mdomo wazi kama geti la soko. Kwa asiyejua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, utani waliorithishwa na mababu. Akinitukana sina ruhusa ya kukasirika. Nikimtukana hana ruhusa ya kununa. Na mmoja wetu akifa, mwenzake anakwenda msibani kuzuia jeneza, anacheka, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, hapishi njia mpaka apewe chochote. Watu wanaolia wanajikuta wanacheka. Ndiyo kazi yake.

Aliposikia jina langu, Shomari alirudi nyuma hatua moja.

"Maganga? Mnyamwezi? Jamani! Tumepanda ndege, tumevuka bahari, tumekuja kufundishwa na mpagazi!"

"Bora mpagazi," nikamjibu. "Mzaramo ukimpa mzigo ataupigia ngoma kwanza, auchezee unyago, ndipo aulalie."

Watanzania walishika mbavu. Mimi nikajiona nimefika nyumbani. Nikasema hili ndilo darasa, na tangu saa ile sikumwacha mtu. Mganda mmoja aliyekuwa anabonyeza breki kwa uoga nilimwambia amekula matoke mpaka miguu imekuwa matoke. Mutua, Mkamba wa Machakos, alirudi nyuma bila kugeuza shingo, akabakiza kiganja tu agonge nguzo. "Mutua!" nikapiga kelele, yadi nzima ikasikia. "Au ninyi Wakamba mna dawa ya kuonea kisogoni?" Watu walicheka. Mutua naye alionyesha meno. Meno ya juu tu, lakini nani anahesabu meno ya mwanafunzi.

Kundi likimaliza, kila mmoja anapewa karatasi ya tathmini, haina jina. Juu yake kuna nyuso tatu, unaocheka, ulionuna na unaolia, unatia alama mmoja. Chini kuna nafasi ya maoni, kwa lugha yoyote, na ukikosa nafasi unageuza nyuma. Aliyekuwa anamtafsiria Madam Kiswahili ni Bi Salma wa mapokezi, Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, kwao Rashidiya, Kiunguja chake laini kama kimetiwa hiliki. Mimi na Bi Salma tuliitwa ofisini, kiyoyozi kinavuma, Madam nyuma ya meza na bunda la karatasi.

"Kaa kitako, mzee wangu," Bi Salma akasema. "Nisome yote au nipunguze?"

"Soma yote. Mimi si mtoto."

"Haya. Miye simo." Akavaa miwani. Akasoma ile ya sakafu ya gereji, kwa sauti ya mtu anayesoma mwaliko wa harusi. Akasoma "Anatukana makabila ya watu." Akasoma "Huyu mzee aende." Kila akimaliza moja anamtafsiria Madam kwa Kiingereza, halafu ananigeukia: "Niendelee?" Alipofika kwa punda aliinua karatasi tuione sote, akasema, "Hii haihitaji tafsiri."

Madam hakucheka. Akaniambia kundi lijalo ndilo la mwisho kwangu. Nyuso zisipobadilika, khalas.

Niliona wanafunzi wale ni laini tu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, sitawadanganya. Kundi lililofuata lilipoanza nikaamua nifundishe kama Gul Khan, kimya, kwa mikono na kwa kikombe cha chai. Bi Salma alitoka nje na mwavuli wake wa jua kuja kuniuliza kama nina homa. Shomari, ambaye alirudi kurudia kwa sababu mtihani ulimshinda, aliwaambia wenzake kwamba Mnyamwezi ameugua, watayarishe sanda. Na Mutua alikuwepo pia, naye anarudia. Yale meno yake ya juu yalikuwa bado hayajanitoka kichwani, kwa hiyo huyo ndiye niliyemfuata.

Nilimpeleka kwenye kafeteria ya Wamalayali, Wahindi wa kusini, mkabala na maduka ya matairi, tukakaa kwenye viti vya plastiki na karak zetu.

"Mutua, ile karatasi ya maneno matatu ilikuwa yako?"

Alipuliza chai kwanza. "Mzee, nikuambie ukweli?"

"Nimekununulia chai niambiwe uongo?"

"Ilikuwa yangu. Sikiza. Nilikuwa nakaa Nakuru. Jirani yangu alianza na mzaha tu. Wewe ni kabila gani, ninyi watu mko hivi, ha ha ha. Tukacheka na yeye. Halafu uchaguzi ukafika, na kicheko kikaisha, na nikahama hiyo nyumba na nguo nilizovaa. Sasa mimi, mtu akinitajia kabila huku anacheka, naangalia mlango uko wapi. Na pale yadi hakuna mlango. Niko juu ya mashine."

Chai yangu nilikuwa nimeiinua. Nikairudisha mezani.

Nikamweleza utani ulivyo, kwamba kwetu unamtania mtu ili kusitokee hiyo ya Nakuru. Babu zetu walikutana njiani na mizigo vichwani, hawajuani, kila mmoja ana mkuki. Wakaona afadhali watukanane kwa mdomo, wapishane salama.

"Ni kitu kizuri," Mutua akasema. "Lakini si mnatukanana wote wawili?"

"Ndiyo maana yake."

"Na mimi ningekujibu vipi? Wewe ndio unaandika kama niko tayari kwa mtihani. Shomari anakujibu kwa sababu amezaliwa na ruhusa. Mimi nani alinipa?"

Hapo alinishika, na mimi sishikiki ovyo. Nikamuuliza, Wakamba nao hawakuwa watu wa misafara? Akasema walikuwa sana, babu zake walibeba pembe mpaka Mombasa. "Basi mababu zetu walipishana mahali," nikamwambia, "ni vile tu hawakusalimiana vizuri. Tumalize sisi." Nikasukuma kikombe changu upande wake, yeye akasukuma chake upande wangu, tukanywa. Mmalayali wa kafeteria alidhani tunagombea chai.

"Ni sawa hivyo?" Mutua akauliza. "Tayari sisi ni watani?"

"Tayari."

Akanitazama toka kofia mpaka viatu. "Mzee, hicho kitambi chako ndicho uzito wa nyuma wa foklifti ama?"

Kesho yake niliwakusanya kundi lote kabla mashine hazijawashwa. Nikawapa sheria, na hizi ziwekeni kichwani kwa sababu hazimo kwenye picha za ukutani. Asiyetaka utani aseme, na hataguswa wala kuulizwa sababu. Anayetaka anaanza yeye kunitukana mimi, tena kabla hajapanda mashine, ndipo nami nina ruhusa. Akishapanda, mzigo ukishakuwa juu, hakuna mzaha, ni shingo nyuma na macho nyuma. Wawili walisema hawataki, Msomali mmoja wa Garissa na mlokole mmoja wa Kakamega, na niliwafundisha kwa adabu mpaka nikawa najishangaa. Waliobaki, jamani, walikuwa wamejaa maneno kama chupa ya soda iliyotikiswa. Nilitukanwa asubuhi ile kuliko miaka yangu yote ya Jebel Ali. Na mtu akishakutukana na ukacheka, mikono yake inalegea kwenye usukani. Nililiona kwa macho. Mikono ikilegea, chai haimwagiki.

Walifaulu wote mtihani wa mkaguzi, Shomari na Mutua wakiwemo. Nikaenda ofisini siku ya tathmini nimevaa shati jipya.

Madam Lourdes alikuwa ameupa uso wake likizo. Bunda la karatasi liko mbele yake, na hata kutokea mlangoni niliona. Zinalia. Nyuso zote zinalia isipokuwa mbili, na hizo mbili ninyi mnajua ni za nani.

"Mr. Maganga," akasema, "hili ni baya kuliko la kwanza."

Bi Salma alikuwa ameshasoma kimyakimya, na miwani imeingia ukungu. "Mzee wangu," akasema, "miye haya siwezi kuyatafsiri. Kiingereza hakina pahala pa kuyaweka."

"Tafsiri," Madam akasema.

Basi akatafsiri. Kwamba mwalimu huyu arudishwe Tabora kwa kontena, tena la samaki, asiharibu hewa ya abiria. Kwamba akipiga honi huwezi kujua ni foklifti au ni yeye anakohoa. Kwamba alikunywa chai yote ya mazoezi na kusingizia mashine. Kwamba Wanyamwezi walipogawiwa akili yeye alikuwa amebeba mzigo wa mtu, akapitwa. Mimi nikaanza kucheka. Nilijaribu kuzuia, lakini lile la kugawiwa akili lilikuwa la Mutua, nililijua, na lilikuwa limekaa vizuri mno. Nikacheka mpaka nikashika meza. Madam akamwangalia Bi Salma kama anamuuliza namba ya ambulensi.

Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha ghalani. Nikasema, Madam, hii matusi ni heshima. Jaribuni ninyi kuisema hiyo kwa Kiingereza mbele ya mtu anayeshika viza yenu. Akaniambia makao makuu hayasomi matusi, yanahesabu nyuso. Na hata yeye haamini. Wakaitwe wanafunzi.

Wakaja Shomari na Mutua, waliokuwa bado nje wakisubiri vyeti. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari ya kipindi cha majaribio. Wala mimi nisingewaambia. Kumwomba mtani huruma mbele za watu ni aibu ambayo hata tiketi ya kwetu haiifikii.

"Mwalimu huyu ni mbaya?" Madam akauliza.

Shomari akaweka mkono kifuani. "Mbaya sana, Madam."

"Nimrudishe kwao?"

"Hata leo, Madam. Lakini lile kontena mliache wazi kidogo, mbuzi wa Tabora wamtambue mwenzao."

Madam akavuta simu ya mezani akaanza kubonyeza. Anawapigia watu wa viza. Shomari bado amekenua. Mimi nimesimama wima kama koni, nacheka bado, lakini kwa meno ya juu tu. Namwona dada yangu anafungua mlango Tabora. Namwona mdogo wangu mwenye tai anasema, karibu, Maganga.

Mutua alikuwa anautazama mkono wa Madam.

"Madam, subiri," akasema. "Tafadhali weka simu. Zile karatasi za kundi la kwanza, unazo?"

Madam akaacha simu ikining'inia, akazitoa kwenye droo.

"Hii ilikuwa yangu." Akavuta ile ya maneno matatu. "Nilikuwa namchukia. Angalia, niliandika laini moja nikatoka. Mtu akikuchukia kweli hana wakati na wewe. Sasa angalia hizi." Akazigeuza zile mpya moja moja. Zote zilikuwa zimejaa mbele, zimejaa nyuma, nyingine maneno yamepanda ukingoni kwa kukosa nafasi. "Mimi kuandika hii nimekosa chakula cha mchana, Madam. Mtu hawezi kukosa chakula juu ya mwalimu hampendi."

"Kwa nini basi mlitia alama uso unaolia?"

Shomari hapo alishaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Ule unaocheka ni wa mgeni, Madam. Huyu ni wa kwetu."

Madam aliweka simu mahali pake. Akazipanga zile karatasi, fupi huku, ndefu huku, akazitazama sana. Halafu akatoa amri, nayo inafuatwa pale mpaka leo bila ninyi kujua ilikotoka: uso utiwe alama ya kweli, kwa ajili ya makao makuu, maneno ya chini ni ya Mr. Maganga, kila mtu aandike atakavyo. Nikapewa kundi lingine. Tulipotoka nje Shomari hakuniomba radhi, na angeniomba ningemfukuza. Alisema tu, "Mpagazi, ungekufa na mzigo kichwani, husemi." Nikamjibu afunge geti, nzi wanaingia.

Yaliyofuata ni miaka ya kazi, na kazi ninyi mnaijua. Kiangazi tulifundisha alfajiri kwa sababu kufika saa nne usukani unaunguza. Vikombe vya karak tulivunja vingi mpaka Bi Salma akaninunulia cha bati. Msomali wa Garissa alirudi siku moja, amekuwa msimamizi, akasema sasa yuko tayari, akanitukana kwa utulivu mkubwa, akaenda zake.

Siku yangu ya mwisho kazini nilitoka na begi langu nikakuta geti limezibwa. Foklifti mbili zimewekwa uma kwa uma. Shomari na Mutua walikuwa wameomba ruhusa kazini kwao Jebel Ali. Shomari amejilaza juu ya paleti kama maiti, anaigiza nilivyokuwa nikikohoa. Mutua amesimama pembeni anapokea rambirambi. Wanafunzi wapya hawakujua wacheke au wakimbie. Mutua akasema mzee hapiti bila kulipia, nikatoa kile kikombe cha bati nikampa, ndipo wakaridhika.

Madam Lourdes alishuka ngazi na karatasi mkononi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mzaha mdomoni mwake. Nilidhani hakuzaliwa nao. Akanipa karatasi. Ilikuwa ya tathmini, ile ile ya wanafunzi. Uso unaolia ulikuwa umetiwa alama, kwa kalamu nyekundu, mara mbili.

Bi Salma alisogea anitafsirie. Maneno ya kwanza yalisema kwamba Mr. Maganga bado anaegesha foklifti kama mtu anayetua mzigo kichwani, na makao makuu yanauliza kama lile kontena la samaki bado lipo. Nilicheka. Halafu nikafanya alivyotufundisha Mutua, nikaigeuza karatasi.

Nyuma ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.